REDIO NA ITAJE JINA LAKE



Tuseme asubuhi moja anafika mtu usiyemjua kwenye lango la kiwanda cha kuoshea kahawa. Hana barua, hana muhuri, na jina lake halitaji. Anapaza sauti kuwa bei ya kilo imeshuka, kuwa mishahara ya mwezi huu imesimamishwa, na kuwa kila mtu arudi nyumbani kwake. Je, wafanyakazi watamtii? La hasha. Wa kwanza kufungua kinywa atamwuliza: "Wewe nani, na umetumwa na nani?" Asipojibu, atafukuzwa.

Lakini maneno hayo hayo yakitoka redioni, wengi wetu hatuulizi kitu. Tunapelekeana habari kilima hadi kilima kwa maneno mawili tu: "Redio imesema." Redio gani? Ya nani? Inasemea wapi? Hapo mtu hukuna kichwa.

Makala hii yahusu swali hilo. Iko kanuni, tena ya dunia nzima, inayotaka kila stesheni ya redio ijulikane hewani ni ipi. Wengi hudhani kuwa mtangazaji anaporudia jina la stesheni yake anajisifu tu, au anajaza wakati kabla ya taarifa ya habari. Sivyo. Anatimiza wajibu wake kwako wewe msikilizaji. Na katika nchi yetu ya Burundi wajibu huo umekwisha kuwa jambo la kufa na kupona.

SAUTI NYINGI, SPIKA MOJA

Katika vilima vya Bugendana, mkoani Gitega, kama katika sehemu nyingi za nchi, redio ndiyo gazeti, ndiyo saa ya ukutani, na ndiyo mbao ya matangazo. Mwenye miche ya kahawa hungoja redio imtangazie bei ya msimu. Mfanyakazi wa mashamba ya chai ya Teza au Rwegura husikiliza kama kuna jipya juu ya sheria ya kazi. Mama aliye sokoni husikiliza kama njia ni salama.

Redio moja ndogo ya betri hushika sauti nyingi. Iko redio ya taifa kutoka Bujumbura. Ziko redio za watu binafsi na za mashirika. Ukienda hadi Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania, zinaingia pia sauti za jirani, kama Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa mwaka 1995 na shirika la Kijesuti la kuhudumia wakimbizi. Kwa miaka mingi masafa mafupi yalileta sauti za mbali zaidi, kama Idhaa ya Kiswahili ya BBC iliyoanza kutangaza kutoka London tarehe 27 Juni 1957.

Sauti zote hizo hutoka katika spika ile ile moja, na sikio haliwezi kuona mlingoti. Hakuna awezaye kuitazama spika akajua kama msemaji yuko Bujumbura, yuko Kigali, au amejificha porini na mtambo wake. Msikilizaji wa kawaida hana chombo cha kupima, ana jina tu. Jina lisipotajwa, ama likitajwa la uongo, yeye ni kipofu.

KANUNI ILITOKA WAPI

Redio haikuanza kwa muziki wala taarifa ya habari. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa baharini, meli zikipelekeana habari bila waya. Siku zile kampuni ndizo zilizojichagulia herufi za kujitambulisha. Meli ya Titanic, iliyozama tarehe 15 Aprili 1912, ilijulikana hewani kwa herufi MGY, na ile M ilikuwa ya kampuni ya Marconi iliyoendesha mtambo wake. Mwaka huo huo mkutano wa mataifa uliofanyika London ukazigawa herufi hizo kwa nchi, ili kila asikiaye ajue sauti hii ni ya nchi gani.

Mgawanyo wa namna hiyo upo hadi leo, chini ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, yaani ITU, wenye makao yake Geneva. Burundi ina alama ya 9U. Rwanda ni 9X, Uganda ni 5X, Tanzania ni 5H na 5I, Kenya ni 5Y na 5Z, na Kongo ina alama zinazoanza na 9O hadi 9T. Ni kama namba za magari: ukiiona tu, wajua gari limeandikishwa wapi.

Kifungu cha 19 cha Kanuni za Redio za ITU kinaweka mambo mawili makubwa. La kwanza, matangazo yote yawe yanaweza kutambulikana. La pili, ni marufuku kutangaza kwa kitambulisho cha uongo au cha kupotosha watu. Si lazima stesheni isome herufi zake. Yaweza kujitambulisha kwa jina lake, mahali ilipo, au shirika linaloiendesha. Ndiyo maana redio zetu za Afrika Mashariki hazisemi 9U wala 5H. Husema: hii ni redio fulani, inatangaza kutoka mji fulani, katika masafa fulani.

Kila neno katika tangazo hilo fupi lina kazi yake. Jina lakuambia ni nani anayesema. Mji wakuambia ni sheria ya nchi gani inayomshika. Masafa, zile namba za megahezi, yakuambia utampata wapi tena kesho, na humwezesha mwenye mamlaka kukagua kama stesheni hiyo iliruhusiwa kukaa hapo. Mambo hayo matatu ni karangamuntu ya redio.

KWA NINI KURUDIA KILA SAA

Katika Marekani sheria imekwenda mbali zaidi. Huko kila stesheni ya redio hutakiwa kujitaja inapofungua matangazo, inapofunga, na mara moja katika kila saa, karibu na mwanzo wa saa, pale kipindi kinapopumua. Hutaja herufi zake, ambazo kwa kawaida huanza na K au W, na mara moja baada ya herufi hutaja mji uliotajwa katika leseni yake. Haitoshi kusema jina la kupendeza tu.

Kwa nini kila saa? Kwa sababu watu hawafungui redio kwa wakati mmoja. Yuko atokaye zamu ya usiku, yuko aingiaye zamu ya asubuhi, yuko aliyesimamisha jembe ili apumzike. Wote hao hukuta maneno yamekwisha kuanza. Tarehe 30 Oktoba 1938, huko Marekani, stesheni za CBS zilitangaza mchezo uliotungwa kama taarifa ya habari, juu ya viumbe kutoka sayari ya Mars kuivamia dunia. Mwanzoni ilielezwa wazi kuwa ni mchezo. Lakini baadhi ya wasikilizaji walifungua redio baadaye, hawakusikia maelezo yale, wakaingiwa na hofu. Kuna waliopiga simu polisi. Aliyekosa mwanzo amekosa ufunguo, na kumrudishia ufunguo huo ni kazi ya mwenye stesheni.

JINA HUMTAJA MWENYE MALI

Mfanyakazi ajua kuwa bendera iliyo juu ya lango la kiwanda humwonyesha mwenye kiwanda. Jina la redio nalo ni bendera. Redio ya nchi yetu ilianza mwaka 1960 ikiwa Radio Usumbura, wakati mji wa Bujumbura ulipoitwa hivyo. Katika miaka ya utawala wa kijeshi ilijiita Sauti ya Mapinduzi. Katika miaka hiyo hiyo, ng'ambo ya ziwa kulikuwa na Sauti ya Zaire, na Nairobi kulikuwa na Sauti ya Kenya, jina lililodumu hadi mwaka 1989. Aliyesikia majina hayo hakuwa na haja ya kuambiwa kuwa ni serikali inayosema. Aliweza kupima maneno yake kama mtu apimavyo maneno ya mwajiri juu ya mshahara: huenda ni ya kweli, lakini msemaji ana upande wake.

Baadaye yalikuja majina mengine. Mwaka 1996 ilianzishwa Radio Umwizero, ambayo baadaye ikawa Bonesha FM. Mwaka 2001 ilikuja Radio Publique Africaine, na mwaka 2002 Radio Isanganiro, maana yake mahali watu wanapokutana. Hapo msikilizaji wa Bugendana akapata jambo jipya, kulinganisha. Alisikia habari moja kwa majina matatu au manne, akaona nani ameongeza na nani amepunguza. Bila majina hayo kutajwa, kulinganisha kusingewezekana. Zingekuwa kelele tu.

SAUTI ZILIZOFICHA USO

Sasa tutazame upande wa giza. Kudanganya jina la redio ni silaha ya vita ya zamani. Katika Vita Kuu ya Pili Waingereza waliendesha stesheni kwa lugha ya Kijerumani iliyojiita redio ya askari ya Calais, kana kwamba iko Ufaransa mikononi mwa Wajerumani wenyewe. Mtambo wake ulikuwa Crowborough, Uingereza. Iliwapa askari wa Kijerumani muziki na habari nyingi za kweli, na katikati yake ikatia uongo. Jina bandia ndilo lililofungua mlango wa masikio yao.

Kwetu jambo hili halikuwa hadithi ya Ulaya. Mwaka 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa katika mapinduzi ya tarehe 21 Oktoba, nchi iliingia katika mauaji na vita. Mwaka 1994 ilianza kusikika redio ya siri iliyojulikana kama Radio Rutomorangingo. Ilirushwa kutoka upande wa Uvira, katika Zaire ya wakati ule, ikiunga mkono waasi na kueneza chuki ya kikabila. Baadaye ilivua jina hilo ikavaa jingine, ikajiita Radio Démocratie. Jina lilibadilika, na mtambo ukabaki mafichoni.

Fikiri, ndugu mfanyakazi, maana yake nini. Redio ya siri haina mlango unaoweza kubisha. Ikisema uongo juu ya kilima chako, huwezi kupeleka barua ya kukanusha. Ikimtaja jirani yako kuwa ni adui, hakuna mkurugenzi wa kumwita mbele ya hakimu. Yenyewe yaweza kukutaja wewe, lakini wewe huwezi kuitaja.

Watu wa Bugendana wanazijua siku zile. Tarehe 20 Julai 1996 kambi ya wakimbizi wa ndani iliyokuwa hapo ilishambuliwa, na zaidi ya watu 300 waliuawa, wanawake na watoto wakiwa wengi. Siku ya maziko Rais Sylvestre Ntibantunganya alirushiwa mawe na waombolezaji wenye hasira. Tarehe 25 Julai jeshi lilichukua madaraka na Pierre Buyoya akarudi kutawala. Hatusemi kuwa redio ndiyo iliyoua Bugendana. Walioua ni watu wenye silaha. Lakini katika nchi iliyojaa hofu namna ile, sauti isiyo na uso ni petroli karibu na moto. Mtu ambaye usiku huu hajui kama akimbie au abaki, ana haki ya kujua ni nani anayemwambia akimbie.

JINA PEKE YAKE HALITOSHI

Hata hivyo tusidanganyane. Stesheni kutaja jina lake si hati ya ukweli. Huko Rwanda, RTLM ilianza kutangaza Julai 1993. Haikujificha. Ilikuwa na ofisi Kigali, ikataja jina lake mchana na usiku, na jina lenyewe likajiita "huru". Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari, redio hiyo ilichochea mauaji na kutaja watu wa kutafutwa. Kanuni ya kujitaja ilitimizwa, na watu wakafa.

Je, basi kanuni haina faida? Inayo, na faida yake ilionekana Arusha. Katika Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda matangazo ya RTLM yaliyonaswa katika kaseti yaliwekwa mbele ya majaji. Stesheni ilijulikana, waliokuwa nyuma yake walijulikana, na sauti za watangazaji zilijulikana. Mwaka 2000 mtangazaji wake Georges Ruggiu, raia wa Ubelgiji, alikiri makosa akahukumiwa kifungo cha miaka 12. Tarehe 3 Desemba 2003 Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wake, walitiwa hatiani pamoja na mwandishi wa gazeti la Kangura, Hassan Ngeze. Mwaka 2007 rufani iliwapunguzia vifungo, lakini wote walibaki na zaidi ya miaka 25.

Hiyo ndiyo kazi halisi ya jina. Jina halimzuii mtu kusema uovu. Linamzuia asikane kesho kwamba aliusema.

SIKU MBILI ZA MEI 2015

Tarehe 13 Mei 2015, Rais Pierre Nkurunziza akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza kuwa amempindua. Tangazo lake lilisikika katika redio za binafsi. Serikali nayo ikasema mapinduzi hayapo. Usiku ule na siku iliyofuata watu walipigana wakigombea jengo la redio na televisheni ya taifa, na kupitia redio hiyo mkuu wa majeshi, Jenerali Prime Niyongabo, akatangaza kuwa mapinduzi yameshindwa.

Kwa siku mbili, basi, nchi moja ilisikia marais wawili. Aliyesikia "Redio imesema rais ameondolewa" na aliyesikia "Redio imesema rais yupo" wote walisema kweli juu ya walichosikia. Ila aliyeshika jina la stesheni ndiye aliyeweza kuelewa. Alijua redio hii iko mikononi mwa nani, na ile iko mikononi mwa nani, akakaa ndani akangoja.

Katika saa hizo hizo redio zenyewe zilishambuliwa. Radio Publique Africaine, Bonesha, Isanganiro na Televisheni Renaissance ziliharibiwa, na Rema FM, iliyokuwa karibu na serikali, nayo ikaharibiwa. Februari 2016 ndipo Isanganiro na Rema FM ziliporuhusiwa kurudi hewani, na Bonesha ilingoja hadi mwaka 2021. Baadhi ya waandishi waliokimbia nchi wakaanza kutuma habari kwa njia ya simu na intaneti. Majina yaliyozoeleka yalipozimwa, ukimya haukuja. Ulikuja uvumi.

SAUTI KATIKA SIMU YA MKONONI

Hapo ndipo tulipo sasa. Leo sauti nyingi hazitoki katika mlingoti. Zinatoka katika WhatsApp. Mtu anapokea sauti ya dakika moja, msemaji ana lafudhi ya mtangazaji, nyuma yake kuna muziki wa taarifa ya habari, naye anasema viwanda vitafungwa au malipo ya kahawa yamesimama. Mwanzo umekatwa, mwisho umekatwa. Hakuna jina, hakuna mji, hakuna tarehe. Tena siku hizi mashine yaweza kuiga sauti ya mtu hata mke wake asitambue tofauti.

Huo ni ujanja ule ule wa Calais na wa redio za siri, isipokuwa sasa kila mmoja wetu amebeba mtambo mfukoni, na kila mmoja anaweza kuusukuma uongo mbele. Kanuni ya Geneva haimfikii mtu anayepeleka sauti kwa shemeji yake. Hapo mlinzi wa kanuni ni sisi wenyewe.

TUFANYE NINI

Kwanza, tusipeleke habari kwa maneno "Redio imesema". Tutaje redio, siku na saa. Mwenzako asipoweza kutaja, habari hiyo iishie hapo.

Pili, habari yoyote juu ya mshahara, bei, kufungwa kwa kiwanda au usalama wa njia tuitafute kwa majina mawili yasiyo ndugu. Zikipingana, tungoje, wala tusikimbie wala tusipige mtu.

Tatu, sauti ya simu isiyo na jina, mji na tarehe ihesabiwe kuwa barua isiyo na sahihi. Barua ya namna hiyo haisomwi katika mkutano wa wafanyakazi.

Nne, redio ikitudhulumu kwa habari ya uongo, tuandike jina lake, tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, tupeleke kwa stesheni yenyewe, na ikikataa tupeleke kwa Baraza la Taifa la Mawasiliano. Malalamiko yasiyo na saa wala tarehe hutupwa. Malalamiko yenye vitu hivyo ni ushahidi.

Tano, nasi viongozi wa chama tufuate kanuni tunayoidai kwa wengine. Tangazo la chama likisomwa kwa kipaza sauti kiwandani au shambani, msomaji aanze kwa kusema yeye ni nani, amepewa na nani, na limeandikwa lini, kisha arudie mwishoni kwa ajili ya waliochelewa.

Mfanyakazi huingia kazini kwa jina lake, hutia sahihi kwa jina lake, na akikosea huadhibiwa kwa jina lake. Anayeingia nyumbani kwake kwa njia ya redio naye ajitaje.